Kwa Kuwa Upo

Siku ya kwanza ya kustaafu kwake, Specioza aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyoamka kwa miaka thelathini na sita. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ukiitafuta kandambili gizani, ndipo akakumbuka kwamba hakuna anayemsubiri. Zamu ya asubuhi pale kituo cha afya sasa ilikuwa na nesi mwingine, binti aliyekabidhiwa funguo za stoo siku ya Ijumaa. Specioza akaurudisha mguu ndani ya shuka, akajifunika mpaka puani. Jambo hilo dogo, kuurudisha mguu, alikuwa amelingoja kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumngoja mtu.

Alilipata kwa dakika kama kumi na tano.

"Mama Jeniffer," mumewe alisema bila kugeuka. "Chai vipi leo?"

"Minza atachemsha akifika."

"Minza haji."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nilimwambia Jumamosi asije tena." Sylvanus alijinyoosha mpaka kitanda kikalia. "Sasa wa kazi gani? Si upo?"

Minza alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Litapunga, mama wa watoto wanne, ambaye kwa miaka sita alikuja kila asubuhi kuwafulia, kuwapikia na kuwafagilia uwanja. Specioza alimkabidhi nyumba saa kumi na mbili, akaipokea jioni. Hawakuwa marafiki hasa, lakini kila mmoja alijua mwenzake anaumwa wapi.

"Umemfukuza mtu bila kuniuliza?"

"Sikumfukuza. Nimemshukuru."

Specioza aliinuka. Aliwasha mkaa huku akiongea peke yake, jambo ambalo hakuwa nalo alipokuwa kazini. Kilichomkera zaidi ni kumbukumbu. Sylvanus mwenyewe alistaafu reli miaka minne iliyopita, na siku ile hakuna aliyeshukuriwa. Kinyume chake, Minza aliongezewa kazi: kumpigia pasi mzee suruali, kwa sababu mstaafu hapaswi kuonekana amechakaa.

Suruali ile iliyopigwa pasi ilikuwa na safari moja. Saa tatu asubuhi Sylvanus alishuka nayo Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, dukani kwa rafiki yake Mikidadi, mwuza vitenge, ambako wazee watano walicheza drafti kwenye benchi la nje. Saa saba alirudi, akala, akalala. Saa kumi alirudi kwenye benchi. Alipokuwa kijana Jumamosi zake zilikuwa za mpira. Alipooa zikawa za kilabu, "kubadilishana mawazo". Alipopanda cheo zikawa za redio, na ole wake mtoto aliyepiga kelele wakati wa taarifa ya habari. Mapumziko ya Sylvanus hayakuwahi kupotea maisha yake yote. Yalikuwa yanabadilisha kiti tu.

Ya Specioza alikuwa akiyaokota njiani. Chuoni, yeye na wenzake walicheza muziki bwenini Jumamosi mpaka matroni akaja na tochi. Baada ya mtoto wa kwanza alianza kusinzia kanisani; Padri akipanda mimbarini, yeye alishusha kope, na alizipenda sana homilia ndefu. Watoto walipokua, akawa anaipenda foleni ya mashine ya kusaga, kwa sababu pale mtu anaweza kukalia debe lake na hakuna wa kumwuliza kwa nini amekaa. Aliyahesabu haya yote kuwa mkopo. Akistaafu, alijiambia, atalipwa.

—

Kufikia Agosti alikuwa hajalipwa kitu.

Jirani wa kushoto alimwachia ufunguo, "kwa kuwa upo." Jirani wa kulia alimwachia kuku wa kutaga na maelekezo yao. Jumuiya ya kanisani ilimchagua kutembelea wagonjwa, kwa kauli moja, siku ambayo hakuhudhuria. Watu asiowajua waligonga geti na sindano mfukoni: "Mama nesi, nichome tu hii, kule foleni kubwa." Akiwaambia amestaafu, waliitikia kwa furaha, "Ndiyo maana tumekuja!"

Na mumewe, aliyekula kwa mama ntilie miaka yote ya kazi na kumsifia wali wake, sasa aligundua kwamba chakula kile ndicho kilichomharibu tumbo. Alitaka cha nyumbani, cha moto, saa saba kamili.

"Leo ni saa saba na robo," alisema siku moja, akitazama saa ya ukutani.

"Nilikuwa namchoma mtu sindano."

"Lakini umeshastaafu, Mama Jeniffer. Unajipa kazi mwenyewe. Tulia."

Alimwambia atulie huku amenyoosha mikono, akisubiri kunawishwa. Specioza alimmwagia maji, mengi kuliko ilivyohitajika, mpaka pindo la ile suruali likalowa.

Simu ya Zena ilikuja wiki hiyohiyo. Zena walisoma naye uuguzi, wakalala vitanda vya jirani miaka mitatu. Baadaye akaolewa Karema, akafanya kazi huko, akafiwa na mume, akastaafu miaka miwili kabla yake. "Shoga, njoo ukae," alisema. "Nyumba ni kubwa, upepo wa ziwani upo, samaki wapo, tena migebuka. Njoo wiki mbili."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu! Ndiyo nakwambia uje."

Specioza alicheka, kisha akajikuta hacheki. Karema si mbali. Ni basi la asubuhi, vumbi, unafika mchana. Katika miaka thelathini na sita alifika mara mbili: mara moja kwenye mazishi ya mume wa Zena, mara nyingine kwenye kampeni ya chanjo. Akachagua tarehe, Jumatano ya mwisho ya Septemba. Hakumwambia mtu. Alikuwa na woga wa kijinga kwamba akiitamka, mtu ataikuta hiyo tarehe imekaa bure na kuichukua.

—

Waliichukua Jumapili, siku tatu kabla.

Jeniffer, binti yao mkubwa, alikuja baada ya misa na watoto wake wawili: Queen wa miaka mitano na Ezekia wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nsimbo. Mumewe, dereva wa lori, huonekana nyumbani kama mvua za vuli. Antoni, mdogo wake, naye alikuja, amefunga kibanda chake cha kuuza simu mapema. Specioza alipoona Antoni amefunga biashara bila kufiwa, alijua kuna jambo.

"Mama, nimepata chuo," Jeniffer alisema. "Mbeya. Diploma, miaka miwili. Naripoti Jumatatu ijayo, kwa hiyo nitaondoka Ijumaa."

"Hongera, mwanangu!" Na alifurahi kweli, alimshika mikono. Kisha akauona mfuko mkubwa wa nguo za watoto kando ya mlango.

Sylvanus alikohoa kikohozi chake cha mkutano. "Tumekaa, tumeona watoto wabaki hapa. Mahali pao ni hapa."

"Nani na nani mmekaa?"

"Sisi. Familia."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Wakatazamana. Antoni, ambaye tangu utotoni hakujua kunyamaza, akasema, "Ulikuwa unakaanga maandazi, mama. Tukaona tusikusumbue. Halafu wewe si umekaa tu siku hizi?"

"Nimekaa lini?"

"Mama…"

"Niambie, Antoni, sikugombezi. Tangu mwezi wa sita, umenikuta nimekaa lini?"

Antoni alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Kanisani," alisema.

Specioza aliweka birika chini. "Jumatano naenda Karema," alisema. "Wiki mbili."

Sylvanus alikunja uso kwa heshima. "Karema kuna msiba?"

"Hakuna."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna harusi."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa," alisema Specioza.

Neno lilibaki pale sebuleni, kila mtu akilitazama. Jeniffer alianza kulia polepole, kama mtu aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi. Sylvanus alitazama mlango kuhakikisha jirani hapiti. "Mama mzima," alisema kwa sauti ya chini, "mwenye wajukuu, anapanda basi kwenda kukaa. Huku nyumbani viti havipo?"

"Viti vipo. Vina mwenyewe."

"Na hawa watoto?"

"Babu yao yupo."

Antoni alicheka kwa pua, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

—

Jumatatu jioni Jeniffer alirudi peke yake, na daftari za wanafunzi kwapani. Alimkuta mama yake uani akichambua maharage, sufuria mbili kubwa. Specioza aliona mwenyewe alichokuwa akifanya: alikuwa anawapikia chakula cha wiki mbili. Akausukuma ungo pembeni.

"Mama, mimi nafasi hii nimeikosa mara mbili," Jeniffer alisema. "Mara ya kwanza nina mimba ya Queen. Mara ya pili nina ya Ezekia. Nikiikosa tena, basi."

"Nani amesema uikose?"

"Unanichanganya. Jana ulisema…"

"Nilisema sipo wiki mbili. Sikusema usiende." Alimtazama binti yake. Jeniffer alikuwa na miaka thelathini na tatu, visigino vimepasuka, kitenge kimefungwa na pini, macho yana wekundu ambao Specioza aliufahamu kwa sababu aliutazama kwenye kioo chake miaka mingi. "Wewe unapumzika saa ngapi, Jeniffer?"

"Mimi?" Alicheka kidogo. "Nikisahihisha. Kuna wakati nasinzia kalamu ikiwa juu ya daftari. Juzi nilimchora mtoto wa watu mstari mrefu mwekundu kwenye jibu sahihi."

Walicheka wote wawili, halafu Jeniffer akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Baba hawezi, mama. Unamjua."

"Hajajaribu."

"Ezekia ana mwaka mmoja na nusu!"

"Na baba yako ana miaka sitini na minne. Mmoja wao atajifunza."

"Na likitokea jambo?"

Swali hilo lilikuwa limemkalia Specioza kifuani tangu jana. "Likitokea nitajua," alisema mwishowe. "Nikirudi nitakulelea wanao, Jeniffer. Hilo sikatai, ni damu yangu. Lakini si peke yangu, na si kwa kuwa nipo. Nataka mtu aniombe."

Jeniffer aliviringisha kona ya daftari. Kisha akapiga magoti, pale pale kwenye maganda ya maharage. "Nakuomba, mama."

"Haya. Nimekubali. Kuanzia wiki ya pili ya Oktoba. Inuka, utachafua kitenge."

—

Sylvanus alinuna siku tatu. Alikuwa fundi wa kununa. Alikula kila alichowekewa, ila alikula akiwa amegeukia ukuta. Jumatano asubuhi alimsindikiza mkewe mpaka getini tu.

"Watu wakiniuliza, niseme nini?"

"Sema nimeenda kukaa."

"Nitasema kuna mgonjwa."

"Sema upendavyo, Baba Jeniffer. Uji wa mtoto usiwe wa moto."

Kwenye basi alipata siti ya dirishani. Basi lilipopita Kashaulili aliliona benchi la Mikidadi likiwa bado tupu, na kwa muda kama wa kupumua mara tatu alitaka kumwambia kondakta amshushe. Hakumwambia. Alikaa amekumbatia mkoba, amekasirika na kila mtu, na zaidi na yeye mwenyewe kwa kutofurahi.

Na Karema hakufurahi pia, siku za mwanzo. Asubuhi ya kwanza Zena alitoka chumbani akakuta vyombo vimeoshwa, uwanja umefagiliwa, na mgeni wake amepanda juu ya kigoda akifuta utando wa buibui.

"Shoga," Zena alisema, "umekuja kupumzika au kutafuta kibarua?"

"Mikono inawasha."

"Itawasha. Yangu iliwasha mwaka mzima. Nilikuwa naamka saa tisa usiku nikiamini nimesikia kengele ya wodini." Zena alimnyang'anya kitambaa. "Wametufundisha kila kitu wale, Specioza. Kufunga kidonda, kuzalisha, kuosha maiti. Kukaa hawakutufundisha."

Alimkalisha barazani, akamkataza kushika kitu. Ziwa lilikuwa mbele, kubwa, na wanawake walianika dagaa mchangani. Specioza alikaa. Baada ya robo saa alikuwa ameshawaza kwamba wale wanawake wanaanika vibaya upande wa kulia, kwamba paa la Zena litavuja, na kwamba Queen hapendi maziwa yenye utando. Kichwa chake kilikuwa kama wodi: ukizima taa hapa, huku mtu anaita.

Simu nayo haikumsaidia. Ijumaa Jeniffer alipoondoka, Sylvanus alipiga mara saba.

"Huyu mtoto nepi inafungwa mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Nimefunga nyuma."

"Basi fungua."

"Ameshakojoa."

Jumamosi alipiga kusema kwamba Queen hali mpaka asimuliwe hadithi, na yeye hadithi zake zote ni za treni. Jumapili alipiga kusema kwamba hakwenda kanisani, kwamba tangu aoe hajawahi kukosa misa, na kwamba jambo hilo liandikwe. Jumatatu hakupiga. Specioza aliitazama simu mchana kutwa, akaona ni heri zile kelele.

Jumanne saa sita mchana alipiga, na hata kabla hajasema neno Specioza alisikia pumzi yake.

"Mtoto anawaka moto."

"Tangu lini?"

"Nilidhani ni jua. Tangu asubuhi."

"Anakunywa?"

"Kidogo. Anatapika."

"Mwinamishe shingo, kidevu kifike kifuani. Inakunjika, au imekaza?"

Mtoto akalia kwa mbali. "Inakunjika."

"Mvue nguo. Mpanguse kwa maji ya vuguvugu, si ya baridi. Queen mwache kwa jirani, yule mwenye kuku, mwambie ni mimi nimesema. Mbebe, nenda zahanati sasa hivi, usingoje jua lipoe. Waambie wampime malaria. Baba Jeniffer, unanisikia?"

"Nakusikia. Namfunga mgongoni?"

"Unajua kufunga?"

"Sijui."

"Basi mkumbatie."

Alikata. Mikono yake, iliyokuwa haijui pa kukaa wiki nzima, ilikuwa imeshafungua mkoba na kukunja nguo. Zena alisimama mlangoni, hakusema nenda wala usiende. Basi la siku ile lilikuwa limeshaondoka. Palikuwa na kungoja tu, na katika kazi zote alizowahi kufanya Specioza, hii ndiyo aliyozoea kuwapa wengine. Ni mara ngapi aliwaambia wanawake kwenye benchi, "Mama, subiri hapo," akapita bila kutazama nyuma?

Saa nane Sylvanus alipiga tena. Alinong'ona.

"Tupo foleni. Wa kumi na moja. Mwanamume ni mimi peke yangu."

"Mtoto?"

"Amelala kifuani. Bado wa moto. Wanawake wananitazama. Mmoja amenipa kanga nimfunike." Alishusha sauti zaidi. "Hivi hawa hukaa hapa siku nzima?"

"Wengine toka alfajiri."

"Na kazi zao?"

"Zinawangoja nyumbani."

Saa kumi kasoro alipiga mara ya tatu. Malaria. Dozi ya kwanza ameinywa, ameitapika, wamemrudishia, imekaa. Jasho limeanza kutoka. Specioza aliketi chini sakafuni kwa Zena, mgongo ukutani.

"Kesho napanda basi la kwanza," alisema.

"Usije."

"Unasemaje?"

"Nimesema usije!" Sauti ilikuwa kali, imechoka, haikuwa ya mtu mwenye kununa. "Ukija sasa utaingia mlangoni unaninyang'anya mtoto, halafu mpaka nakufa itasemwa nilishindwa. Dozi ni siku tatu, asubuhi na jioni. Nimepanga treni miaka thelathini, nitashindwa kupanga vidonge sita? Na Minza atakuwepo asubuhi."

"Minza?"

"Jana nilimfuata Litapunga. Nilidhani atashukuru." Alishusha pumzi. "Amenikalisha juani nusu saa anapukuchua mahindi, ananiambia, 'Babu, nyie mlinishukuru, nami nikashukurika.' Mpaka nimeomba radhi. Mbele ya mumewe. Amekubali mshahara ukiongezwa, na Jumapili haji, na suruali zangu hapigi pasi."

Specioza aliziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kama anacheka au analia, na Zena aliyekuwa akimtazama naye hakujua.

"Nipigie kila baada ya dozi," alisema.

"Nitapiga."

Alipiga, mara tano, kwa dakika zake. Siku ya nne Ezekia alikimbiza kuku wa jirani. Mchana ule Specioza alikaa barazani kwa Zena kwenye mkeka, akitazama mtu mmoja akipaka mtumbwi lami, akipaka ubavu mmoja, akihamia mwingine. Hakuwaza kitu kuhusu ile lami. Kivuli kilipomfikia miguuni hakusogea. Zena alimwona, akaingia ndani kimya kimya, akazima redio.

—

Alirudi Jumatano, kama alivyosema. Basi liliingia stendi ya Mpanda saa nane mchana, na kabla hajashuka alimwona Sylvanus. Asingeweza kutomwona, nusu ya stendi ilikuwa ikimtazama. Suruali haikupigwa pasi. Queen alimshika mkono wa kushoto. Mgongoni alikuwa na Ezekia, amefungwa kanga iliyopita begani kama bandeji ya mvunjika mfupa, mguu mmoja wa mtoto ndani, mwingine unaning'inia. Wapiga debe walikuwa wakimwita "mama mkwe." Alionekana hajali, au amechoka mno kujali.

"Umefika salama?" alisema.

"Salama. Poleni."

"Huyu halali mchana," alisema, kana kwamba ndilo jambo alilolibeba wiki mbili kumletea. "Hata kidogo. Ukimlaza anaamka. Ukiketi analia. Nimekaa mara ya mwisho Jumanne ile ya zahanati, kwenye benchi. Mikidadi ametuma mtu kuuliza kama nimefariki."

Specioza alimgusa mtoto shingo kwa mgongo wa kiganja. Baridi, ya kawaida. Hakumchukua. Ilimgharimu, lakini hakumchukua; alichukua mkono wa Queen, na Sylvanus akachukua mkoba. Walitoka stendi wakitembea polepole, yeye akimsimulia juu ya dozi, juu ya Minza ambaye siku hizi humwamrisha, juu ya Jeniffer aliyepiga simu kutoka Mbeya akilia kwa sababu alilala saa nane mfululizo na hakujua kwa nini analia. Walipofika penye kivuli cha duka la vipuri alisimama kurekebisha kanga, ikamshinda, Specioza akamfungia.

"Mama Jeniffer," alisema, amempa mgongo. "Miaka ile yote. Hawa wetu wawili, na zamu za usiku, na mimi niko Kaliua na matreni. Wewe ulikuwa unapumzika saa ngapi?"

Specioza alidhani atajibu kwa hasira, alikuwa nayo ya kutosha. Lakini Sylvanus aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Ikabidi afikiri.

"Semina," alisema.

"Semina gani?"

"Ile ya Sumbawanga, mwaka Antoni anafanya mtihani wa la saba. Ilikuwa ya siku nne. Walitulaza nyumba ya wageni. Asubuhi nilitoka chumbani nimeacha kitanda ovyo, nikaenda kusikiliza habari za chanjo. Niliporudi mchana nikakuta mtu amekitandika." Alikaza fundo. "Nilikaa juu yake nikakitazama. Sikuwa nimewahi kukuta kitanda kimetandikwa na mtu asiye mimi wala wa kulipwa na mimi. Nikasema, kesho tena, na kesho kutwa."

Sylvanus hakugeuka. Alianza kucheka, halafu kicheko kikaisha katikati.

"Ndiyo ile niliyokupigia simu urudi?"

"Ndiyo. Siku ya pili. Ulisema huuoni unga."

Alisimama pale na mjukuu mgongoni, watu wakiwapita. Alikohoa, lakini si kile kikohozi cha mkutano.

"Ulikuwa wapi, huo unga?"

"Jikoni, Baba Jeniffer," alisema Specioza, akamsukuma taratibu begani ili waendelee kutembea.